Jibwa Getini, Beleshi Mkononi

Msyuu! Niacheni nisonye kwanza, maneno yatafuata.

Mtu mzima mwenye akili zake timamu anakwenda kununua jibwa la Kijerumani au Rottweiler, anatoa fedha ambazo mwenzake angelipia kodi ya chumba miezi kadhaa, anapachika kibao getini "MBWA MKALI", halafu chakula cha hilo jibwa anakiachia bahati nasibu. Leo ukoko wa ugali, kesho mifupa ya kuku wa sherehe, keshokutwa maharage yaliyoanza kuchacha. Jumapili, kwa kuwa bosi kaamka na furaha, linamwagiwa mafuta yote yaliyobaki kwenye kikaango cha kiti moto. Jumatatu anamfokea mlinzi: "Mbona uani kunanuka hivi?" Kunanuka, bosi, kwa sababu ya ulichokiweka kwenye bakuli.

Wanaokunywa chai wanisamehe, wamalize kwanza andazi. Ajenda ya leo kijiweni ni mavi ya mbwa, tena mbwa wakubwa, na sina namna ya kuyapaka manukato.

Kijiwe chetu kiko kona ya genge, jirani na banda la fundi viatu. Kuanzia saa kumi na mbili alfajiri walinzi wanaotoka zamu hupita hapo kupata kahawa na kashata kabla ya kugombania daladala. Ukitaka kujua afya ya jibwa lolote la mtaa huu, usimuulize mwenye nyumba anayelipiga picha na kuliweka Instagram. Muulize aliyeshika beleshi. Huyo ndiye anayejua kama leo limetoa kitu kigumu kinachozoleka, au limeacha uji unaobidi kumwagiwa mchanga kwanza. "Kaka, mwenzako nazoa ndoo nzima," aliniambia mmoja, mkono ukionyesha kimo cha ndoo. "Linakula kidogo, linatoa kingi. Hizo hesabu zinatoka wapi?"

Hesabu zipo, na zinaanzia mbali kidogo na ndoo.

Mbwa mdogo wa kilo 5, tumbo na utumbo wake kwa pamoja huchukua takriban asilimia 7 ya uzito wa mwili. Jibwa la kilo 60 halifiki hata asilimia 3. Piga mwenyewe: mdogo ana gramu 350 hivi za mitambo ya kusagia chakula, mkubwa ana kilo moja na nusu na ushee. Uzito umepanda mara 12, utumbo haujapanda hata mara 5. Na nishati linayohitaji jibwa hilo kwa siku, ingawa haipandi sambamba na kilo, ni zaidi ya mara 6 ya ile ya mdogo. Umefunga bodi ya Fuso juu ya injini ya bajaji, na bado unalijaza kokoto hadi juu.

Ndiyo maana mbwa wawili wakila chakula kilekile, mdogo huweza kutoa kitu kikavu chenye umbo lake huku Great Dane akiacha kitu laini chenye maji. Watafiti wa Nantes, Ufaransa, walilifuatilia jambo hili kwa kuwalisha na kuwapima poodle wadogo, schnauzer wa kati, schnauzer wakubwa na Great Dane. Walichokikuta kinashangaza kidogo. Kusaga chakula, jibwa linasaga vizuri tu, halizidiwi na mdogo. Matata yako mbele, kwenye utumbo mpana. Mabaki hukaa humo muda mrefu zaidi kuliko kwa mbwa mdogo, bakteria wanapata nafasi ya kuyachachua, na utumbo wenyewe haufyonzi maji na chumvi inavyotakiwa. Sisi binadamu tumezoea kwamba kinachochelewa kinakauka. Kwa jibwa, kinachochelewa kinachachuka, na kikishachachuka kinalegea.

Kwa hiyo mbwa koko wa jalalani, mwepesi, mwili wa wastani, anaweza kula takataka za Jumatatu na Jumanne akawa mzima. Jibwa lako halina msamaha huo. Kila kosa la bakuli utalikuta uani.

Fundi viatu akadakia hapo, sindano mdomoni: "Sasa si waache kulipa ugali? Mbwa ni mla nyama bwana."

Nikasonya tena. Huu uongo unarudi kijiweni kila mwaka. Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, walichapisha katika jarida la Nature kazi iliyolinganisha jeni za mbwa na za mbwa mwitu, namaanisha yule wa kijivu wa Ulaya na Asia, si hawa wetu wenye mabaka wa Ruaha. Mbwa mwitu waliowapima walikuwa na nakala 2 tu za jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kusaga wanga kwenye kongosho. Mbwa wa nyumbani waliowapima walianzia nakala 4 na kufika 30. Maelfu ya miaka ya kuzungukazunguka jiko la binadamu yamewaachia hiyo faida. Mbwa anasaga ugali, tena vizuri, ila uwe umeiva. Wanga usioiva hausagwi vizuri kwenye utumbo mwembamba, unawafikia bakteria wa mbele, na hapo ndipo usiku kucha mlinzi anasikia tumbo la mwenzake linanguruma.

Kwa hiyo swali langu kwa bosi ni ugali wa unga gani, na umepikwa na nani. Kuna mabosi wanaotuma kijana mashineni akachukue pumba, zile za kulishia nguruwe, zinakorogwa na maji ya moto dakika tano, basi, chakula tayari. Pumba ni nyuzinyuzi kavu ambazo mbwa hana namna ya kuzisaga. Zinaingia na kutoka, na zikitoka zinaondoka na maji na hata chakula kizuri kilichochanganywa nazo. Hiyo ndiyo siri ya ndoo ya yule mlinzi. Linashiba kwa saa mbili, linakonda mwezi mzima, na kinachotoka ni kingi, kimepauka, ukikitazama vizuri makapi ya mahindi yako vilevile yalivyoingia.

Dona lililopikwa likaiva halina ugomvi. Nyuzinyuzi kiasi zinahitajika, maana bila hizo choo nacho hakina cha kukishikilia. Boga la kuchemsha lina nyuzinyuzi za aina nyingine, zinazoshika maji na ambazo bakteria wazuri huzigeuza kuwa asidi ndogondogo. Seli za utumbo mpana hula hizo hizo asidi. Vijiko viwili vitatu vya boga kwenye bakuli la jibwa vinaweza kukaza choo bila kelele. Nimesema vijiko. Nawajua watu wangu, mtu atachemsha boga zima halafu aje kunidai hapa.

Dagaa je? Dagaa ni chakula cha heshima, sina neno nao. Lakini dagaa walioanikwa chini hawaji peke yao, wanakuja na ufukwe. Mlinzi wa geti la kijani alinipeleka nikashuhudie. Alichukua kijiti, akakipasua kinyesi cha asubuhi katikati (niliwaambia mmalize andazi), na ndani yake mchanga ulikuwa unametameta juani, punje kwa punje. Jibwa lenyewe lilikuwa limesimama pembeni, mgongo limeupinda, linajikamua halipati kitu. Kumbe kijana wa jikoni alikuwa anafungua mfuko na kumwaga dagaa moja kwa moja kwenye sufuria. Dagaa wanalowekwa kwenye beseni, wanavurugwa, wanaokotwa juu, mchanga unabaki chini. Kazi ya robo saa! Mtu ana jibwa la mamilioni na anashindwa robo saa.

Mifupa nayo inajitangaza. Ukiona kinyesi cheupe, kikavu, ukikikanyaga kinakuwa unga, huyo kalishwa mifupa kupita kiasi. Ni kalsiamu hiyo. Jibwa hukaa likijikunja hapa na pale bustanini, linatoa vipande viwili vya chokaa na mlio. Na mifupa ya kuku iliyopikwa msinitajie kabisa, maana ikipasuka inatoa ncha kali, na utumbo haujavaa koti.

Maziwa mimi sijui nani aliwadanganya watu. Mbwa akishaachishwa kunyonya, kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa hupungua mno. Ile sukari isiyosagwa huvuta maji kuingia utumboni, bakteria wanaisherehekea, gesi inajaa, na kinachofuata anayekijua ni mwenye beleshi. Maziwa ya mgando yana nafuu kidogo kwa sababu yamekwisha kuchachuka, sukari imepungua. Nafuu kidogo si ruhusa ya lita nzima.

Na yale mafuta ya kiti moto ya Jumapili, bosi, achana nayo. Yanaharisha, hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba mafuta mengi kwa mpigo yanaweza kuliwasha kongosho, mbwa akaanza kutapika, akakataa chakula, akalala amejikunja kwa maumivu ya tumbo. Huo ugonjwa unaua.

Tena kuna hiki kitu cha nyama ya bei rahisi. Ngozi, kano, mabaki ya mabaki. Kwenye mizani ni nyama, kwenye utumbo ni kazi ngumu. Protini isiyosagwa ikifika utumbo mpana, bakteria wanaiozesha, na ile harufu inayovuka ukuta hadi kwa jirani inazaliwa hapo. Wale wale wa Nantes walijaribu kubadilisha protini kwa mbwa wakubwa: wakiwapa iliyo rahisi kusagika choo kinakaza, wakiwapa unga wa mabaki ya kuku kinalegea. Mbwa ni wale wale.

Lakini sababu ninayoiona mimi kuliko zote hapa mtaani ni mshahara. Mnanisikia? Mshahara wa bosi ukiingia, siku ya kwanza ananunua mfuko wa chakula cha paketi, picha nzuri ya jibwa linalong'aa juu yake. Usiku huo huo bakuli linajaa paketi tupu. Jibwa linaharisha. Ikifika katikati ya mwezi mfuko umeisha, linarudishwa kwenye ukoko na dagaa ghafla. Linaharisha tena. Mwezi ukiandama bosi anasema, "Huyu mbwa ana tumbo bovu." Tumbo bovu! Bakteria wa utumboni wamezoea chakula fulani, ukiwabadilishia usiku mmoja lazima wavurugike. Chakula kipya kinaingizwa kwa wiki nzima: robo kipya na robo tatu cha zamani, kisha nusu kwa nusu, kisha robo tatu, ndipo kamili. Kama mfukoni hamna cha paketi kwa mwezi mzima, usianze. Wali ulioiva, nyama isiyo na mafuta, dagaa waliooshwa, boga kidogo, kila siku hivyo hivyo, jibwa litakaa na choo kizuri kuliko kurushwa huku na huku. Ila pia daktari wa mifugo akusaidie kupanga madini na vitamini, hasa kama ni mtoto wa jibwa, kwa sababu mifupa yake inakua kwa kasi na kalsiamu ikizidi au ikipungua miguu inapinda.

Sasa nifike kwenye lililonitoa povu hasa.

Nyumba moja huku nyuma, siitaji, ina jibwa la Kijerumani, dume, bado kijana. Bosi wa hapo, tofauti na wenzake, hana ubahili: nyama inanunuliwa kila siku na wali unapikwa. Lakini jibwa likawa linakonda. Mbavu zinahesabika kutoka barabarani, manyoya yamefifia, na bado linakula kwa pupa. Likimaliza chakula chake linatafuta cha paka, na, samahanini tena, linarudia hata lilichokitoa jana. Bosi akapiga hesabu ya haraka haraka: nyama nanunua, mbwa anakonda, basi nyama inaliwa na mlinzi. Akamkata mshahara.

Yule mlinzi alikaa hapa kwenye benchi, kahawa ikapoa mkononi. "Wazee wangu, mimi nyama ya mbwa niile ya nini? Nampa yote. Nasimama pale mpaka analamba bakuli."

Tukamuuliza ambalo bosi wake hakuuliza. Kinachotoka kikoje?

Akasema ni kingi mno, mara nne tano kwa siku. Rangi ya kijivu iliyopauka, kinang'aa, laini, harufu ya kitu kilichochacha. Mvua ikinyesha, juu ya maji panabaki utando wa mafuta.

Kuna kijana anasomea udaktari wa mifugo pale SUA, Morogoro, alikuwa kaja likizo kwa mjomba wake. Akaweka kikombe chini. Akasema, kaka, hayo maelezo mpelekee bosi wako, aende na mbwa kwa daktari leo leo, maana mbwa wa Kijerumani wanajulikana kwa udhaifu wa kongosho. Akatueleza taratibu. Kongosho ndilo linalomwaga vimeng'enya vya kusaga mafuta, protini na wanga. Katika ukoo huu wa mbwa kuna wanaozaliwa na udhaifu ambao mwili wenyewe unazishambulia zile seli za kutengeneza vimeng'enya, kidogo kidogo, mpaka zinaisha. Mara nyingi dalili zinatokea mbwa akiwa bado mdogo wa umri. Nyama inaingia, haisagwi, inatoka. Mafuta ndiyo yanayojionyesha kwanza. Mnyama anakufa njaa mbele ya bakuli lililojaa.

Kipimo kipo. Damu inachukuliwa mbwa akiwa hajala, inapimwa kitu kinachoitwa TLI. Kikiwa chini sana, jibu limepatikana. Tiba ni unga wa vimeng'enya unaochanganywa kwenye kila mlo, maisha yote, na mara nyingi vitamini B12 kwa sababu nayo huwa imekauka mwilini. Unga usipopatikana au bei yake ikishinda, wapo madaktari wanaoelekeza kongosho bichi la ng'ombe aliyekaguliwa machinjioni, linasagwa na kuchanganywa na chakula. Bichi, maana ukilipika unaviua vimeng'enya vyenyewe. Hilo ni la kufanya kwa maelekezo ya daktari, msije mkaanza kuvamia bucha.

Mke wa bosi ndiye aliyesikia, si bosi. Jibwa likapelekwa, damu ikapimwa, jibu likawa lile lile alilolisema kijana wa likizo. Wiki chache za unga na mbavu zimeanza kufunikwa. Suala la mshahara nitalirudia.

Maana kabla ya kufika kwa daktari, mnajua bosi alikuwa kafanya nini? Flagyl! Alinunua duka la dawa la binadamu, akakadiria kwa macho, akatumbukiza kwenye nyama. Hii tabia imeenea mpaka inatia kichefuchefu. Mbwa kaharisha, Flagyl. Kaharisha tena, Flagyl. Dawa hiyo inafagia hata bakteria wanaohitajika, na kipimo kikizidi inaathiri mishipa ya fahamu, mbwa anaanza kuyumba kama mlevi. Kuhara kwa kawaida, mbwa mzima mwenye uchangamfu, mara nyingi kunatulizwa na maji safi ya kutosha na siku mbili tatu za wali laini na kuku wa kuchemsha asiye na ngozi, kidogo kidogo mara nyingi. Kinachotakiwa ni macho. Kamasi na haja ya mara kwa mara, kidogo kidogo, ni utumbo mpana umekereka. Damu nyekundu mbichi inatoka huko huko karibu na mlango. Kinyesi cheusi chenye kunata ni damu iliyokwisha kusagwa, imetoka juu, tumboni au utumbo mwembamba, na hapo usisubiri kesho. Ukiona jibwa linaburuta makalio kwenye vigae vya baraza, watu wote watakuambia minyoo. Inaweza kuwa minyoo. Lakini choo kikiwa laini kwa muda mrefu, zile tezi mbili za pembeni mwa njia ya haja hazikamuliwi inavyotakiwa, zinajaa, zinawasha, na jibwa linatafuta pa kujikunia.

Mtoto wa jibwa anayeharisha damu ni habari nyingine kabisa. Wengi wanasema "ni maziwa yale". Hapana. Kama hajachanjwa, fikiria parvo kwanza. Kirusi hicho kiligundulika mwaka 1978 na kikaenea duniani haraka, kinakaa kwenye udongo wa uani miezi mingi, na Rottweiler na Doberman wanakipata kwa ukali kuliko wengine. Hapo hakuna wali wala boga. Ni daktari, na ni siku hiyo hiyo.

Nirudi kwenye bucha, kwa sababu kuna jambo ambalo beleshi haliwezi kuliona.

Mapupu. Kila mfuga jibwa anayapenda, bei rahisi, yanajaza. Mengine yanatupwa mbichi juu ya ukuta na mchinjaji mwenyewe. Sasa pupu au ini la kondoo, mbuzi au ng'ombe linaweza kuwa na vile vifuko vyenye maji. Ndani ya vifuko hivyo kuna vichwa vya tegu mdogo sana, urefu wake ni milimita chache tu, hata akijaa utumboni kwa maelfu huwezi kumwona kwenye kinyesi. Choo kizuri, kigumu, kinazoleka, kila mtu anafurahi, na mayai yamo humo. Mtoto akigusa manyoya au udongo kisha akala bila kunawa, mayai yanaingia, na baada ya miaka ana kifuko kikubwa kwenye ini au mapafu kinachohitaji upasuaji. Turkana, kaskazini mwa Kenya, wamekuwa miongoni mwa watu walioteseka zaidi duniani kwa ugonjwa huu. Sisi wa mjini tusijidanganye, maana ng'ombe na mbuzi tunaokula wanatoka kwa wafugaji, hawazaliwi buchani. Mapupu yachemshwe mpaka yaive kabisa, na mbwa apewe dawa ya tegu kwa ratiba ya daktari. Dawa yenyewe ni prazikwanteli, ile ile wanayogawiwa watoto shuleni kwa kichocho.

Mzee wetu wa kahawa, mtu wa pwani, hafugi mbwa na hatafuga. Mate ya mbwa yakimgusa ataosha mara saba, mojawapo kwa udongo, kama madhehebu yake ya Shafi yanavyomtaka. Alikuwa kimya muda wote, anapanga vikombe. Ndipo akauliza: "Hawa wanalishwa mara ngapi?" Walinzi wakajibu, mara moja, jioni, linajazwa bakuli. Akatikisa kichwa. "Mnyama umemfunga mnyororo, hawezi kujitafutia. Chakula chake kiko shingoni mwako." Akaendelea na vikombe.

Mzee hajasoma mifugo lakini kagusa penyewe. Majibwa yenye kifua kirefu, Great Dane, Mjerumani na wenzao, tumbo linaweza kujaa gesi likajipinda lenyewe, mlango wa kuingia na wa kutoka yote ikafungwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, waliofuatilia mbwa wakubwa waliona hatari inapanda kwa wanaokula mlo mmoja mkubwa kwa siku na wanaokula kwa kasi. Hata kuliinulia jibwa bakuli juu ya stuli, jambo ambalo watu hulifanya kwa mapenzi, walilikuta limo kwenye orodha ya hatari. Ukiona tumbo limevimba na kukaza, jibwa linahangaika, linataka kutapika na hakitoki kitu, usipige simu kijiweni. Una saa chache tu, na tiba ni upasuaji. Gawa chakula hicho hicho mara mbili, asubuhi na jioni. Haiongezeki hata shilingi moja.

Basi mabosi, ombi letu la kijiweni ni dogo. Kabla ya kumfokea mlinzi habari ya harufu, mwulizeni leo kimetokaje: rangi, ugumu, mara ngapi, kina kamasi, kina mchanga. Mnunulieni glavu na viatu vya mpira, maana anayezoa hayo kila alfajiri ana watoto nyumbani. Na wewe bosi wa nyumba ya nyuma, unajijua. Kipimo cha damu kimetoka, nyama ililiwa na mbwa wako yote. Zile fedha ulizomkata mlinzi hujazirudisha mpaka leo. Zirudishe.